Marekani atabaki kuwa mkubwa wa dunia? Tulioko Kusini tulijadili kwa tunayoyaona

Shangani Mashariki

Wakuu, salaam.

Nina dai, nalileta mlichambue bila mihemko. Marekani hatoki kwenye ukubwa wa dunia katika uhai wetu, na wanaomwombea aanguke wana kazi ndefu. Sababu yangu si manowari wala makombora. Ni dola.

Chukueni korosho. Inaokotwa Tandahimba, inapimwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), inauzwa mnadani kwa shilingi. Wanunuzi ni Wahindi na Wavietnamu, Mmarekani humwoni pale. Lakini yule mnunuzi, kabla hajaandika bei yake, anapiga hesabu kwa dola: korosho iliyobanguliwa inauzwaje huko nje, meli kiasi gani, mkopo wa benki riba ngapi. Shilingi yetu inakuja mwisho kabisa. Salfa tunayopulizia mikorosho inaagizwa nje, nayo ni dola. Mwaka 2023 dola zilipoadimika nchini, kila mwenye duka la pembejeo alikuwa na wimbo huohuo.

Nchi ambayo pesa yake inapanga bei ya zao isilolilima, mnaiondoaje kileleni? Karibuni.

Kangomba Mstaafu

Nimewahi kiti cha mbele. Endeleeni.

Mwalimu wa Lukuledi

Hoja ina uzito, ila tuitie tarakimu. Mwaka 2001 zaidi ya asilimia 70 ya akiba za fedha za kigeni zinazotangazwa na benki kuu duniani zilikuwa dola. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa karibu asilimia 58. Kwa hiyo anashuka. Lakini anayemshusha ni nani? Yuan ya China iko kwenye asilimia 2 hivi. Benki kuu zinapunguza dola kidogokidogo na kuweka dhahabu, dola ya Canada, ya Australia, na nyinginezo. Hazijahamia kwa mpinzani mmoja.

Pauni ya Uingereza ilishuka namna hiyo. Ilichukua miongo, na wengi waliokuwa wameishika hawakustuka mpaka jambo limeshakwisha. Kwa hiyo Shangani, unaweza ukawa sahihi kwa miaka ishirini ijayo na bado hoja yako isisimame.

Mjukuu wa Nachingwea

Mwalimu umegusa pauni, ngoja niwapeleke kwetu.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, lengo ekari zaidi ya milioni 3, maeneo ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Angalieni ni nani aliyekuwa anakuja. Huyu ndiye mshindi wa vita kuu, ana makoloni kila bara, meli zake ziko kila bahari. Lakini nyumbani kwake chakula kilikuwa cha mgawo, mafuta ya kupikia ya kutafutwa, na mwaka 1946 alikuwa amekopa dola bilioni 3.75 kwa huyuhuyu Marekani. Deni lile alimaliza kulilipa Desemba 2006! Miaka 60.

Mtu wa hali hiyo ndiye aliyekuja kufyeka mapori yetu, tena na matrekta mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo haukupimwa vizuri, mvua haikusomwa, mizizi ikavunja vyuma. 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zimeteketea. Babu yangu alikuwa kwenye vikundi vya kufyeka. Alichobaki nacho ni beleshi lenye muhuri wa kiwanda cha Uingereza kwenye chuma. Lipo mpaka leo nyumbani, ncha imelika imekuwa nusu mwezi, mama analichotea mchanga.

Ninachotaka kusema ni hiki: mkubwa anayeshuka haachi kupanga mambo makubwa. Anayapanga kwa pesa ya mkopo. Sasa mwangalieni Marekani. Deni lake limepita dola trilioni 36, na mwaka 2024 riba peke yake ilizidi bajeti yake ya ulinzi. Jeshi kubwa kuliko yote duniani, na bado anawalipa wanaomdai kuliko anavyowalipa askari. Mimi hapo naona ya Nachingwea.

Chikongola

Na ile reli ya Mjerumani ya Nachingwea wakaing'oa na vyuma vyake. Ndio wakubwa hao.

Mwalimu wa Lukuledi

Chikongola, ile haikuwa ya Mjerumani. Mjerumani alijenga ya Tanga na ya kati. Ya Kusini aliijenga Mwingereza kwa ajili ya karanga, na karanga zilipokosekana reli ikakosa mzigo. Ikafungwa muda mfupi baada ya Uhuru.

Chikongola

Sawa Mwalimu, lakini si iling'olewa?

Bandari ya Kina

Mjukuu, hapo kwenye "zimeteketea" nakupinga. Bandari ya Mtwara unayoiona imezaliwa na mpango huohuo. Kina kirefu, meli inaegesha bila kusubiri maji kujaa. Hata zile barabara pana za mji zinazoshangaza wageni zilichorwa kwa mji mkubwa wa karanga ambao haukuja. Tunatumia leo.

Na hiyo hesabu ya deni ina kasoro. Mwingereza alikuwa anadaiwa kwa pesa ya mtu mwingine. Marekani anadaiwa kwa pesa anayoichapisha mwenyewe. Hayo ni madeni mawili tofauti kabisa. Mimi nikidaiwa shilingi na mashine ya kuchapa shilingi iko chumbani kwangu, mwenye wasiwasi ni nani?

Mjukuu wa Nachingwea

Mwenye wasiwasi ni aliyekukopesha, kaka. Na akishaingiwa na wasiwasi anaacha kukukopesha au anapandisha riba. Makampuni matatu makubwa yanayopima wakopaji duniani yote yamemwondoa daraja la juu kabisa: S&P 2011, Fitch 2023, Moody's Mei 2025.

Shangani Mashariki

Na bado wanamkopesha. Ndiyo hoja yangu.

Kisiwani kwa Masultani

Asalaam aleikum wote. Naona mmeanza na Mwingereza kama vile kabla yake bahari hii haikuwa na mwenyewe.

Kilwa Kisiwani ipo mkoa wetu wa Lindi. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule kwa uzuri na ujenzi wake. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilikuwa haifiki Uarabuni wala India bila Kilwa kula ushuru. Sultani alipiga sarafu zake za shaba, na mwaka 1944 baadhi zilikutwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nendeni Husuni Kubwa mkasimame juu ya lile jabali, muone bwawa la kuogea la pembe nane lililochongwa, halafu mniambie kama wale watu walidhani kuna siku watakuwa kijiji cha wavuvi.

1502 Vasco da Gama akaja akalazimisha kodi. 1505 Mreno mwenzake, Almeida, akaupora mji. Vitabu vya shule vinaishia hapo: Mreno aliiangusha Kilwa. Mimi sikubali. Aliyekuwa amekalia kiti 1505, Amir Ibrahim, hakuwa wa ukoo wa masultani. Alikamata madaraka, na nyumba ilikuwa imeshagawanyika kwa ugomvi wa nani arithi. Mreno aliukuta mlango umeegeshwa tu.

Kwa hiyo msiniambie dola wala deni. Tazameni nyumba yao. Januari 6, 2021 watu walivunja madirisha ya Bunge lao wenyewe kuzuia matokeo ya uchaguzi. Mimi niliyezaliwa karibu na magofu nikiona jambo kama lile najua ninatazama nini.

Shangani Mashariki

Shehe, heshima yako. Lakini hao hao walipigana wenyewe kwa wenyewe 1861 hadi 1865, wakafa zaidi ya laki sita. Baada ya hapo ndiyo wakapanda, karne ile haijaisha wakawa uchumi mkubwa kuliko wote. Ugomvi wa ndani haujamuua.

Na kuhusu kutabiri kifo chake: miaka ya 80 dunia nzima ilisema Japani anampita. 1989 Wajapani wakanunua hisa kubwa za Rockefeller Center pale New York, watu wakasema basi tena. Miaka miwili mitatu mbele mapovu ya bei za hisa na ardhi ya Japani yakapasuka, na mpaka leo hawajarudi kasi ile.

Kisiwani kwa Masultani

Walipopigana 1861 hawakuwa wakubwa wa dunia, walikuwa bado wanakua. Kijana akiugua anapona. Umri nao ni hoja, Shangani.

Binti Mikindani

Kaka zangu mmekaa kwenye meli na masultani, mimi nitawaletea la juzi.

Nilikuwa kwenye mradi wa VVU unaofadhiliwa na Marekani, kazi yangu ni kufuatilia wateja waliopotea CTC (kliniki ya dawa za VVU). Unachukua rejista, unaangalia nani tarehe yake ya dawa imepita, unampigia, hapokei, unapanda bodaboda mpaka kijijini kumtafuta kwa siri bila jirani kujua umetoka wapi. Mwingine unamkuta yuko shambani anapalilia, anaona tu kitambulisho kimening'inia anaanza kukwambia sauti ya chini "nitakuja dada, nitakuja". Na anakuja kweli.

Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje. Tukaambiwa tusije kazini. Julai mosi USAID ikafungwa rasmi. Dawa kituoni ziliendelea kutolewa, ila ile kazi ya kumfuata mtu kijijini ikafa pale pale.

Mpango wao wa UKIMWI ulianza 2003 wakati wa Bush, na unahesabiwa kuwa umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25. Kwa zaidi ya miaka 20 jina la Marekani huku vijijini lilikuwa hilo: dawa. Si ndege za kivita. Wamelifuta kwa mikono yao, hakuna Mchina aliyewashinda. Mkubwa anayeacha kupendwa kwa hiari yake anabakije mkubwa?

Bandari ya Kina

Pole dada. Umesema jambo zito.

Newala Juu

Dada Binti Mikindani pole sana. Ila mimi kisa chako nakisoma kinyume. Mtu mmoja anatia sahihi Washington, na mfanyakazi wa Mtwara anaambiwa kesho usije. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Ingekuwa amekwisha, sahihi yake isingefika huku.

Binti Mikindani

Ni nguvu ya kubomoa, kaka. Ya kujenga ndiyo ilitufanya tumwamini. Na sasa hata wakirudi na magari mapya, nani atawaamini kwa mkataba wa miaka mitano? Mimi siwaamini, na niliipenda ile kazi.

Mtoto wa Likong'o

Nasoma tangu juu, nashangaa watu wa Lindi na Mtwara hatujataja gesi.

Kuanzia 2010 ikagunduliwa gesi bahari kuu, nchi nzima sasa inatajwa futi za ujazo trilioni 57 na zaidi. Sisi wa Likong'o tuliambiwa kiwanda kinakuja, cha kupoza gesi mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri iwe kimiminika, ipakiwe melini. Watu wakafidiwa wakahama, minazi ikaachwa.

Sasa angalieni Marekani ileile miaka ileile. Pale Sabine Pass, Louisiana, walikuwa wamejenga kituo cha KUPOKEA gesi kutoka nje, kilifunguliwa 2008, kwa sababu waliamini yao inakwisha. Halafu wakajua kupasua miamba na kutoa gesi iliyomo ndani. Kituo kilekile wakakigeuza cha KUUZA. Meli ya kwanza ikaondoka Februari 2016. Mwaka 2023 wakawa wauzaji wakubwa kuliko wote wa gesi ya kimiminika, wakawapita Qatar na Australia. Kutoka mwagizaji mpaka muuzaji namba moja, wakati sisi tuko kwenye mazungumzo ya mkataba.

Mjukuu analeta beleshi la 1947 kuonyesha mkubwa anayeshuka. Mwingereza wa 1947 hakuwa na uwezo wa kujigeuza namna hiyo. Huyu anao. Ndiyo maana mimi niko upande wa Shangani, ingawa inaniuma, maana kila meli inayotoka Louisiana ni mnunuzi mmoja ambaye pengine angekuja kwetu.

Kangomba Mstaafu

Hapa uzi umekolea. Mtwara kuchele!

Newala Juu

Mtoto wa Likong'o, gesi umeitaja nusu. Ile ya Mnazi Bay iliyokwishatoka imekwenda Dar kwa bomba. Bomba limejengwa kwa mkopo wa nani? Benki ya Exim ya China, dola zaidi ya bilioni moja. Wajenzi Wachina. Mnakumbuka Mei 2013 mji wetu ulivyoungua kwa ajili ya bomba lile, mimi duka la shemeji yangu liliondoka na kila kitu. Katika yote yale, malalamiko na moto na mikutano, Marekani hakuwepo mezani.

Reli ya TAZARA, China. Kuanzia Desemba 2024 bidhaa zote za nchi maskini zenye uhusiano naye, sisi tukiwemo, zinaingia China bila ushuru. Miezi minne baadaye Marekani akatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa dunia nzima, sisi tukiwemo. Zaidi ya nusu ya meli mpya za biashara duniani zinaundwa China. Karibu theluthi ya bidhaa za viwandani za dunia zinatoka kwake. Mkubwa mpya ameshaingia, tunabishania jina tu.

Mwalimu wa Lukuledi

Newala, vyote hivyo sawa, sina ubishi navyo. Ila China ina jambo ambalo pesa hailinunui upesi: watu. Idadi yake imeanza kupungua tangu 2022, na India imempita 2023. Wazee wanaongezeka, watoto hawazaliwi. Marekani naye wanawake wake hawazai sana, lakini anajazwa na wageni. Google inaongozwa na Sundar Pichai na Microsoft na Satya Nadella, wote wamezaliwa India. Niambie kampuni kubwa ya China inayoongozwa na mtu aliyezaliwa India. Au Newala.

Newala Juu

Mwalimu leo umejipa na urefa. Na hao wageni anaowategemea ndio anaowafukuza sasa hivi. Umesahau hiyo.

Mwalimu wa Lukuledi

Sijasahau. Akiendelea kuwafukuza, hoja yangu inageuka kuwa yako. Nalikubali hilo kabla hujaniambia.

Ng'ambo ya Ruvuma

Mnazungumzia wakubwa walioondoka mnamsahau Mreno wa pili, yule wa 1974.

Nchi ndogo, maskini kwa kiwango cha Ulaya, lakini ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu 1949 na ikashikilia Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau kwa vita tatu kwa mpigo. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifanya mazoezi Nachingwea hapo, na wakufunzi wa Kichina walikuwepo. Vijiji vyetu vya kando ya mto vilionja vita ile, wazee wanajua njia gani haikupitwa kwa hofu ya mabomu ya ardhini. Halafu Aprili 1974 wanajeshi wake mwenyewe wakachoka, wakaipindua serikali Lisbon, na himaya ya karibu miaka mia tano ikafungwa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyewashinda kwenye mji wao. Askari walichoka tu.

Kwa hiyo Mwalimu anaposema "miongo, polepole" mimi nasema siyo lazima. Msovieti naye 1985 alikuwa mkubwa wa pili wa dunia, Desemba 1991 hayupo kwenye ramani.

Na leo ng'ambo yangu ni Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Palma ilivamiwa Machi 2021, watu wakavuka Ruvuma na watoto migongoni. Marekani aliwaweka wavamizi wale kwenye orodha yake ya magaidi na kupeleka wakufunzi wachache. Aliyekuja kupigana kwa miguu ni Mnyarwanda, Julai 2021. Ila pesa ilipotakiwa kwa ule mradi wa gesi wa TotalEnergies, Machi 2025 benki ya serikali ya Marekani ikaidhinisha mkopo wa dola bilioni 4.7. Hapo mnaona wenyewe anavyogawa kazi: damu ya mwingine, mkopo wake.

Shangani Mashariki

Ng'ambo, Mreno na Msovieti hawakuwa na pesa inayotumiwa na dunia. Kila mara narudi hapo.

Ng'ambo ya Ruvuma

Narudi nawe hapo hapo: pesa inafuata mwenye kuaminika. Soma tena alichoandika Binti Mikindani.

Wakala wa Meli Mtwara

Wadau, naongeza la baharini. Watu wanasema Marekani ana manowari 11 za kubeba ndege, hakuna anayemkaribia. Kweli. Kazi ya hizo manowari kwa sisi tusio na ugomvi na mtu ni kwamba meli ya biashara ipite popote bila kuulizwa. Hiyo huduma dunia nzima tunaipata bila kulipia.

Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kupiga meli Bahari ya Shamu, kwa droni na makombora ya bei ndogo. Marekani akapeleka manowari, akapiga, na bado kampuni kubwa za makontena zikaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Siku zikaongezeka, nauli ikapanda, bima ikapanda. Msimu ule sisi tuliona ratiba za makontena matupu ya kupakia zimevurugika, mnunuzi anapiga simu kila asubuhi kuuliza "box zimefika?" na jibu ni lilelile.

Mimi sisemi amekwisha. Nasema kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliona waliokuwa wanamtegemea baharini wakipiga hesabu zao kana kwamba hayupo.

Kisiwani kwa Masultani

Wakala, hapo umenikumbusha Sofala. Kilwa haikupungukiwa nguvu siku Almeida aliposhusha askari. Ilipungukiwa pale mizigo ilipoanza kupita njia nyingine.

Mama Ubanguaji Lindi

Wanangu habari. Sijasoma uchumi ila nimebangua korosho tangu nyumba hii ilipokuwa ya nyasi, mafuta ya ganda yamenitoboa vidole vya mkono huu. Nina swali. Mnasema Mvietnamu ananunua korosho ghafi yetu. Anaipeleka wapi akishabangua?

Bandari ya Kina

Mama shikamoo. Vietnam ndiye muuzaji mkubwa duniani wa korosho iliyobanguliwa, na kwa miaka mingi soko lake kubwa limekuwa huyohuyo Marekani, China akifuata.

Mama Ubanguaji Lindi

Marahaba. Kwa hiyo anayekula ni Mmarekani, na anayepata kazi ya kubangua ni Mvietnamu ambaye walipigana naye katika vita iliyokwisha 1975. Basi mimi nasema aliyekaa vizuri hapo ni Mvietnamu. Mkubwa akibadilika atamuuzia mkubwa mpya. Sisi tunabishana nani mkubwa, na korosho inatoka na ganda lake.

Chikongola

Mama amefunga uzi.

Mtoto wa Likong'o

Hajafunga, amefungua mwingine. Lakini namuunga mkono mia kwa mia.

Dogo wa Chuno

Shikamooni wakubwa. Niko chuo nasoma kompyuta, niongeze ya upande wetu.

Simu ninayoandikia ni Tecno, kampuni ya Shenzhen. Ukiitazama ni ya Kichina kabisa. Ukiiwasha, mfumo ni Android wa Google. Duka la programu ni la Google. Yaani mwili wa China, roho ya Marekani. Na kwenye akili unde (AI), chipu zinazotafutwa na kila mtu zinasanifiwa na Nvidia wa Marekani, zinatengenezwa na TSMC wa Taiwan, kwa mashine za ASML wa Uholanzi. China amezuiwa kununua zile bora. Akabana matumizi, na Januari 2025 kampuni yake ya DeepSeek ikatoa programu yake ya akili unde, thamani ya Nvidia kwenye soko la hisa ikapungua karibu dola bilioni 600 siku moja. Lakini ikarudi, ikapita ilipokuwa.

Kwa hiyo mimi naona wawili wataishi hivi kwa muda mrefu, kila mmoja ameshika kitu cha mwenzake.

Newala Juu

Dogo marahaba, umeeleza vizuri kuliko watu wa televisheni. Na Taiwan ikishaguswa?

Dogo wa Chuno

Hapo hata simu hii sijui kama nitapata nyingine, mzee.

Chikongola

Tumetaja Mwingereza, Mreno, sultani. Mjerumani mmemwonea huruma. Alishindwa vita mbili lakini mjusi wetu wa Tendaguru yuko Berlin mpaka leo, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Walimchimba 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa vichwani na watu wetu mpaka bandari ya Lindi. Himaya ikafa, mjusi hakurudi. Kwa hiyo mkubwa akishuka msitegemee kurudishiwa kitu.

Mjukuu wa Nachingwea

Hili la mjusi linanikera kila likitajwa. Walibeba kwa mwendo wa siku kadhaa porini, na Majimaji ilikuwa imekwisha juzi tu, 1907, watu wametoka kufa njaa.

Mwalimu wa Lukuledi

Turudi kwenye mada kabla Chikongola hajatupeleka Berlin wote. Kuna kitu hakijaguswa: madini ya kinywe (graphite) ya Ruangwa. China anasindika zaidi ya asilimia 90 ya kinywe kinachoingia kwenye betri za magari ya umeme, na Desemba 2023 akaweka vibali vya kukiuza nje. Marekani na Ulaya wakaanza kutafuta kinywe kisichopita China, na sisi ni miongoni mwa wanaotazamwa. Kwa mara ya kwanza wakubwa wawili wanahitaji kitu kimoja kilichopo mkoa wa Lindi, kwa wakati mmoja. Shangani atasema bei itapangwa kwa dola. Newala atasema mtambo wa kusindika uko China. Wote mtakuwa sahihi, na mkataba wa miaka thelathini utasainiwa mwaka ambao hakuna anayejua nani atakuwa juu ukiisha.

Shangani Mashariki

Itapangwa kwa dola, naam.

Newala Juu

Na kitapakiwa kwenye meli iliyoundwa China.

Mama Ubanguaji Lindi

Na kitasindikwa Ruangwa au kitatoka kama korosho?

Wakala wa Meli Mtwara

Mama, hilo halijibiwi humu. Aliyeko Ruangwa atuambie kwanza malori yanakielekeza bandari ipi, Mtwara au Dar. Kama ni Dar, nina maneno na watu wa barabara.